Bolti moja isiyo na tundu, na maswali yenu mengine kuhusu mashine ya plazma

Mwezi uliopita niliwaeleza wasomaji kwamba kazi yangu ni kutunza mashine ya plazma katika maabara moja huku Uingereza, nikaomba maswali. Barua zenu nimezisoma zote, baadhi mara mbili, na leo ninajibu saba. Mashine yetu ni ndogo, ya kufundishia na kujaribia. Jina la maabara silitaji, kwa kuwa nitasimulia na makosa yetu. Nikihitaji mfano mkubwa nitakwenda JET, mashine ya Culham karibu na mji wa Oxford, ambayo habari zake zimechapishwa wazi.

Kwa aliyekosa toleo lile: mashine ya namna hii huitwa tokamaki. Chukua tairi la lori ulilaze chini, kisha fikiria kwamba ni la chuma cha pua na ndani yake hewa yote imevutwa. Humo tunaingiza gesi kidogo ya hidrojeni, tunaipitishia umeme mpaka atomu zake zinavunjika na kuwa plazma, na sumaku zinaishika isiguse kuta. Kwenye mashine kubwa plazma hupata joto la kutosha viini vya hidrojeni nzito kuungana na kutoa nishati, kama inavyotokea ndani ya jua. Kila tunapoiwasha tunaita mpigo. Kwetu mpigo haumalizi hata sekunde moja.

Mwanangu, umesema zipo mashine zinazofika nyuzi joto milioni 150. Mimi nimefua vyuma miaka 40 na sijaona chuma kisichoyeyuka. Hicho chombo kinasimamaje? (Mzee mhunzi, Pangani)

Shikamoo Mzee wangu. Swali lako ndilo nililouliza siku ya kwanza nilipoingia maabara, nikajibiwa kwa fomula. Wewe nitakujibu kwa cheche. Unapokata chuma kwa grinda, cheche zinazokurukia mkononi zina moto wa kuyashinda mbali maji ya birika, lakini ukimwagikiwa na birika utalia, na cheche unazipangusa tu. Cheche ni kali ila ni chembe. Plazma ndiyo hiyo. Ndani ya JET ilifika joto mara 10 ya kitovu cha jua, lakini ni nyembamba kuliko hewa tunayovuta kwa zaidi ya mara laki moja. Ikigusa ukuta, mara nyingi inayokufa kwanza ni yenyewe.

Ukuta nao hauponi bure. Kwa miaka mingi JET ilivikwa vigae vya kaboni, ambavyo haviyeyuki. Tatizo likawa kwamba kaboni hunasa tritiamu, ile hidrojeni nzito yenye mionzi ambayo ni sehemu ya mafuta, na kubaki nayo. Basi kati ya 2009 na 2011 wakavua kaboni, wakaweka beriliamu na tangsteni. Tangsteni unaijua, ni ule uzi wa globu za zamani. Huyeyuka kwenye nyuzi 3,422. Beriliamu huyeyuka kwenye 1,287 tu, na wewe mhunzi utashangaa kwa nini waliichagua. Ni hivi: chembe za ukuta hazikosi kuingia kwenye plazma. Chembe nzito kama za tangsteni zikiingia hula joto na kulitupa nje kama mwanga, plazma ikapoa. Beriliamu ni nyepesi, ikiingia kidogo plazma inavumilia. Kwa hiyo tangsteni iliwekwa chini, panapopigwa sana, na beriliamu ikapewa sehemu kubwa ya kuta nyingine.

Assalamu alaykum dada. Mimi ni fundi AC hapa Muscat, nyumbani Tanga. Sisi tunavuta vakyumu, geji ikitulia tunapakia gesi. Nyie mnavuta muda gani, na mnajuaje hakuna panapovuja? Povu la sabuni linasaidia?

Waalaykumu salaam kaka yangu, tena wa nyumbani. Mimi nami nilianzia kwenye friji, nikimshikia baba mdogo tochi kwenye karakana yake palepale Tanga. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba adui ni maji: ukipakia gesi kabla ya kuvuta vizuri, unyevu uliobaki utaganda kwenye kapilari, ule mrija mwembamba wa gesi, na friji itagoma. Nimevuka bahari, nimebadilisha mashine, adui ni yuleyule.

Pampu ya kuanzia kama yako tunayo, ila yetu ni kavu, maana mvuke wa mafuta ukirudi ndani ni hasara. Ikifika mwisho wa uwezo wake tunawasha pampu za tabo. Hizo ni mapanga kama ya feni, safu juu ya safu, yanayozunguka makumi ya maelfu kwa dakika na kuzipiga molekuli moja moja kuelekea mlangoni. Tunataka ibaki sehemu moja kati ya bilioni 100 ya hewa ya kawaida. Tukishafungua chombo, kurudi hapo hutuchukua kama wiki mbili.

Hewa yenyewe inatoka siku ya kwanza. Kinachochelewesha ni utando wa maji usioonekana, ambao hushika kila chuma kilichokaa wazi na kuachia polepole mno. Kwa hiyo tunakioka chombo. Tunakizungushia mikanda ya joto ya umeme na foili ya alumini juu yake, tunapandisha taratibu mpaka nyuzi 150, na kukiacha siku nne usiku na mchana. JET ilikuwa ikiokwa hadi nyuzi 320. Kisha tunaingiza heli kidogo na kuwasha umeme wa volti mia kadhaa. Gesi inawaka taa hafifu usiku kucha na kuzipiga kuta mpaka zitoe uchafu wa mwisho. Baada ya kazi yote hiyo, alama ya kidole kimoja, mafuta tu ya ngozi, inaweza kuonekana kwenye kipimo chetu siku kadhaa baadaye. Ndiyo maana hakuna anayegusa kitu cha ndani bila glavu, na ndiyo maana sipaki losheni mikononi siku ya kazi ya ndani hata baridi ya Januari ikinipasua.

Povu la sabuni linaonyesha gesi inayotoka. Kwetu hewa ndiyo inayoingia, tena kwa tundu dogo ambalo povu halitatikisika. Tunatumia heli. Tunaunganisha kwenye chombo kifaa kinachotambua gesi kwa uzito wa molekuli zake, kisha kutoka nje tunapuliza heli kwa mrija mwembamba kwenye kila flanji, yaani kila kiungo kinachokazwa kwa bolti, na kila mchomelezo. Heli ikipenya, kifaa kinalia. Anzia juu, shuka chini. Heli ni nyepesi na hupanda. Ukianzia chini itapaa iingie tundu la juu, nawe utafungua flanji isiyo na kosa.

Sasa kisa, kwa kuwa wewe ni fundi na utakielewa. Mwaka juzi tulifunga kihisi kipya ndani ya chombo, tukavuta. Geji ikashuka vizuri, halafu ikasimama mahali pasipo pake. Kifaa kikaonyesha uzito wa 28, 32 na kidogo kwenye 40: naitrojeni, oksijeni, argoni. Hewa hiyo. Nikasema panavuja. Nikapuliza heli siku tatu, flanji kwa flanji, nimelala chali chini ya chombo, kifaa kimya. Nikakaza upya flanji mbili nilizozishuku. Kimya. Wanafunzi watatu walikuwa wanasubiri mipigo ya tasnifu zao, na kila asubuhi walinitazama bila kuuliza, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko wangeuliza.

Siku ya sita nikafunga valvu ya pampu, nikakaa na daftari kuandika presha kila dakika. Tundu la kweli hupandisha presha kwa mstari ulionyooka, maana hewa ya nje haiishi. Mstari wangu ulipinda, ukaanza kulala. Gesi ilikuwa ikitoka kwenye akiba, na akiba ilikuwa ndani. Tukajaza chombo argoni, tukaiacha usiku kucha, asubuhi tukavuta tena. Safari hii 28 ikawa chini, 40 ikasimama juu na kukataa kushuka. Ile akiba ilikuwa imekunywa argoni usiku na sasa inaitema.

Tukafungua. Kihisi kilishikwa na bolti nne, kwenye mashimo yasiyotoboka upande wa pili. Bolti za kazi hii hutobolewa katikati, kuanzia kichwani hadi nchani, ili hewa inayobanwa chini yake ipate njia. Tatu zilikuwa na tundu. Ya nne ilikuwa bolti ya kawaida, mpya, inang'aa, na aliyeikaza ni mimi. Kihewa kilichonaswa chini yake, kidogo kuliko punje ya mchele, kilikuwa kikichuruzika kupitia thredi siku zote hizo. Tulipoteza siku 19 kwa jumla. Tangu hapo kila bolti inayoingia ndani naishika mbele ya taa, niuone mwanga ukipita, ndipo naikabidhi kwa anayefunga.

Kila mara tunasoma kwamba rekodi imevunjwa. Kwa hesabu ya LUKU, wamepata uniti ngapi? Na wametumia ngapi? (Msomaji, Mwanza)

Uniti 19 na ushei. Tarehe 3 Oktoba 2023 JET ilitoa megajuli 69.26 katika muda wa sekunde 5 hivi, na uniti moja ya LUKU, ile mita ya umeme ya kulipia kabla ya Tanzania, ni megajuli 3.6. Mafuta yaliyotumika ni miligramu 0.2. Ninakuomba usipite haraka kwenye namba hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayotuamsha asubuhi: miligramu 0.2.

Lakini lilikuwa joto tu. JET haikuwa na mtambo wa kugeuza joto kuwa umeme, na kilichoingia kilizidi kilichotoka. Mwaka 1997 ilipotoa megawati 16, megawati 24 zilikuwa zikiingizwa kuipasha plazma, bila kuhesabu sumaku. Sumaku zake za shaba zilikula umeme kiasi kwamba kilele cha mpigo kilipita megawati 1,000, wakati gridi iliwaruhusu 575. Kwa kulinganisha, mitambo yote ya bwawa la umeme la Mtera, Tanzania, ni megawati 80. Basi walijenga flaiwili mbili, yaani magurudumu mazito yanayohifadhi nguvu kwa kuzunguka, kila moja tani 775. Kati ya mpigo na mpigo mota ya megawati 8.8 iliizungusha kila flaiwili, ikipanda hadi mizunguko 225 kwa dakika, ikahifadhi nishati ya zaidi ya uniti 1,000. Mpigo ukianza, flaiwili inakuwa jenereta na kumwaga hadi megawati 400 kwa muda mfupi, kisha inaanza kuzungushwa upya. Kuna watu ambao kazi yao ya miaka ilikuwa kutunza beringi, mafuta na mota za hayo magurudumu, na majina yao hayamo kwenye habari za rekodi. Nawataja hapa kwa kazi yao.

Aksanti kwa maandiko yako. Binti yangu amepata masomo kwenye maabara ya namna hiyo Ulaya. Nasikia "nyuklia" na usingizi unapotea. Inaweza kulipuka? (Mama, Bukavu)

Mama, pole na hofu. Mama yangu naye aliniuliza hivyo hivyo. Haiwezi kulipuka kama bomu. Mafuta yaliyomo kwa wakati mmoja ni kidogo sana, na plazma ni kitu cha kubembelezwa: hewa ikiingia kidogo, sumaku ikiyumba, inazimika yenyewe. Hakuna moto unaojiendeleza.

Hatari zipo, ila ni za karakana, nami sitakuficha. Ya kwanza ni umeme uliohifadhiwa. Mashine kama yetu huchukua nguvu yake kwenye kabati za kapasita, na kapasita hubaki na chaji hata swichi ikiwa imezimwa. Kabla mtu hajaingia, kila mmoja anaweka kufuli lake kwenye swichi na ufunguo anatia mfukoni mwake mwenyewe, kisha fimbo ya ethi, inayopeleka chaji ardhini, inagusishwa kwenye kila kapasita na kuachwa imening'inia hapo. Ya pili ni gesi zisizo na harufu. Naitrojeni, argoni na heli si sumu, lakini zikijaa chumbani zinasukuma oksijeni nje, na mtu huanguka kabla hajahisi chochote. Vumbi la beriliamu huharibu mapafu, na tritiamu ina mionzi isiyopenya ngozi lakini yenye madhara ikivutwa au kunywewa. Hizo mbili ziko kwenye mashine chache, zenye watu na vyumba maalumu, na mwanafunzi mgeni haachwi nazo.

Akipiga simu, muulize kama ana kufuli lake mwenyewe, na kama chumbani kuna kengele ya oksijeni. Akijibu ndiyo mara mbili, lala mama.

Kuna kitu kimeharibika ndani ya chombo. Nani anaingia kukitengeneza? (Mwanafunzi wa uhandisi, Nairobi)

Kwetu ninaingia mimi, kwa sababu ni mfupi. Ovaroli nyeupe, kofia ya nywele, viatu vya nguo, hereni na pete nje. Kila spana imefungwa kamba mkononi, na mwenzangu mlangoni anaandika kila kinachoingia na kutoka. Mara moja orodha haikulingana: nati moja. Tuliitafuta siku mbili kwa kioo na tochi, tukaikuta ndani ya mkunjo wa ovaroli yangu iliyokwisha kutundikwa. Siku mbili hizo sizijutii. Nati ya chuma ndani ya uwanja wa sumaku haikai ilipoangukia.

JET ilipokwisha kutumia tritiamu, kazi nyingi za ndani zilifanywa bila watu kuingia. Nyutroni zinazotoka kwenye muungano huo hukifanya chuma chenyewe kiwe na mionzi. Wakatumia MASCOT, mikono miwili ya mashine iliyopitishwa mlangoni kwenye mkono mrefu wenye maungio mengi. Opereta anakaa chumba kingine ameshika mikono pacha, na akikaza bolti huko ndani anauhisi ukinzani wake kiganjani. Mwaka 1998 walibadilisha sehemu ya chini ya chombo chote kwa njia hiyo, bila mtu kuingia. Kabla ya kila kazi walifanya mazoezi kwenye mfano wa chombo wa ukubwa uleule. Kama unatafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, anzia hapo: mkono unaohisi.

Kwa nini wameifunga JET mwaka uleule iliovunja rekodi? (Mwalimu, Eldoret)

Mwalimu, ilikuwa imefanya kazi miaka 40. Plazma yake ya kwanza iliwashwa tarehe 25 Juni 1983, na mpigo wa mwisho, wa 105,842, ulikuwa tarehe 18 Desemba 2023. Kwa kuwa ilikuwa inafungwa, siku ya mwisho walithubutu walichokuwa wakikiepuka: walielekeza elektroni zenye kasi kubwa kwenye ukuta wa ndani kwa makusudi, ili wajue zinaumiza kiasi gani. Elektroni hizo huzuka plazma inapovurugika, na kuvurugika huko ndiko kunakotutisha sote tunaoendesha tokamaki. Plazma ikivurugika, umeme wa mamilioni ya ampea unaopita ndani yake hukatika ndani ya milisekunde, na nguvu inayozuka hukivuta chombo chenyewe. Hata chombo cha JET, pamoja na uzito wake, kilisogea kwa milimita.

Kuivunja kutaendelea hadi karibu 2040, na vigae vinatolewa na kuchunguzwa. Sikuwahi kufanya kazi pale, lakini jioni ile niliifuatilia habari na nikatokwa na machozi. Mashine iliyopiga mara zaidi ya laki moja ilifungwa na kufunguliwa na mikono ya watu wengi sana.

Shikamoo dada. Niko kidato cha tano, nasoma PCM. Nataka kazi kama yako. Nianze na nini? (Msomaji, Moshi)

Marahaba mdogo wangu. Fizikia na hesabu unazo tayari, endelea nazo kwa bidii. Mikono ndiyo inayochelewa kufundishwa. Kama kuna pampu ya maji mbovu shuleni au mtaani, omba ruhusa uifungue, ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Tandika gazeti. Kila nati unayotoa iweke kwa mpangilio uliotoa, chora ilikokuwa, na andika tarehe juu ya mchoro. Ukishaifunga tena bila kubakiza kitu kwenye gazeti, niandikie.